Dresa na Moto wa Jumapili

Dresa wetu wa Changamwe alimwambia kila mtu aende juani, na yeye mwenyewe hakuonekana juani bila mwavuli hata siku moja. Ulikuwa mwavuli mweusi uliochakaa, una ubavu mmoja uliovunjika akaufunga kwa uzi wa kushonea vidonda. Akitoka zahanati kwenda chooni, hatua ishirini hivi, anaufungua. Akirudi anaufunga, anaukung'uta kama umenyeshewa, anautundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Mama mmoja alimuuliza mbona watoto wetu waanikwa kama mihogo na yeye anajificha. "Jua ni dawa ya wagonjwa, mama," akamjibu. "Mimi mzima. Mtu mzima atakunywa dawa ya nini?"

Nimeanza na mwavuli kwa sababu nikimkumbuka ndio ninaouona kwanza, na siku hizi namkumbuka sana, kuliko hata watu wa ukoo wangu. Alikozaliwa sikujui, wazee wake sikuwajua, na sikuwahi kuuliza. Jina lake nilikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Dresa, mtu wa kufunga vidonda na kugawa dawa katika zahanati ya bati, kando ya njia ya kuelekea Port Reitz. Daktari alipita mara moja kwa mwezi, ana haraka zake, na siku zote nyingine zahanati ilikuwa ni Dresa na mikono yake.

Mikono yenyewe ilikuwa mikubwa, na vidole ndivyo vilivyokuwa kipimo chake. Kwa watoto wa matege, wale ambao miguu imepinda kwa nje kama upinde, alikuwa na namna yake. Humlaza mtoto chali mezani, huvikutanisha vifundo vya miguu, kisha hupitisha vidole katikati ya magoti. Mtoto aliyenyooka hapitishi kitu. Wengine walipitisha kidole kimoja, wengine viwili. Halafu alichora mistari kwa chaki ukutani, mstari mmoja kwa kila kidole, juu ya jina la mtoto. Mimi nilikuwa sijui kusoma, lakini ukuta ule niliusoma vizuri. Ijumaa, ambayo ilikuwa siku yetu, kina mama tulikuwa tukiingia na macho ukutani kabla hata ya kuamkia.

Watoto aliwaheshimu kupita wakubwa. Mtoto wa mwaka mmoja akiletwa, Dresa aliinama na kumwambia, "Shikamoo, bibi." Akilia, alituuliza sisi, "Nimemkosea nini bibi huyu, mbona hapokei salamu yangu?" Na upole wote ulipokwisha kwa watoto, kina mama tulipata ukali uliobaki. Alituita vichwa vya mawe. Alisema mfupa hauna haraka, mwenye haraka ni mama yake. Alisema pia kwamba jua halina karani, hakuna mlango wa kubisha wala barua ya kuandikiwa, basi kwa nini twalinyima watoto? Nilimchukia siku ya kwanza. Leo ningetoa kitu kikubwa nitukanwe tena na yeye.

Nilifika kwake kwa makosa yangu mwenyewe. Mtoto wangu wa kwanza alifariki akiwa na miezi saba, mtoto mnene, wa kubebwa na kila apitaye. Watu wakasema ni jicho. Nami, binti wa Rabai niliyebatizwa na kufundishwa nisiamini mambo hayo, niliamini mara moja. Nilipompata Kadzo nikaapa hakuna atakayemwona. Kwetu mtoto hufichwa siku chache mpaka kitovu kikatike. Mimi nilizidisha, siku zikawa miezi. Mume wangu alikuwa kuli bandarini Kilindini, alitoka alfajiri na kurudi jioni, na chumba chetu kilikuwa na dirisha moja nililoliziba kwa gunia. Kadzo alikulia humo, kwa maziwa yangu na uji mweupe, amefunikwa kanga kama siri.

Alipofika mwaka na nusu hakuwa amesimama. Usiku kichwa kilimtoka jasho mpaka mto ukalowa. Paji la uso lilijitokeza, vifundo vya mikono vilivimba, na miguu, nilipomsimamisha, ilipinda chini yake. Meno yalichelewa pia. Kila asubuhi nilimpapasa ufizi kwa hofu, nisije nikakuta la juu limetangulia, maana mtoto wa namna hiyo tulimwita kigego, mwenye kuleta mkosi, na kigego ni neno ambalo mama hataki kulisikia mlangoni kwake. Aliyenitoa ndani ni jirani yangu, Mama Zuhura, mwanamke wa Kimvita ambaye mumewe alikuwa fundi wa kuunda vyombo vya baharini. Aliingia bila hodi, akaifunua ile kanga.

"Mama Kadzo!"

"Abee."

"Hayo ni matege, mwanangu. Mpeleke kwa Dresa leo, si kesho. Mtoto huyu hajalogwa, wallahi, mtoto huyu amefungwa."

Nilimpeleka. Dresa alipima, akapitisha vidole vinne. Akavitoa, akavipitisha tena, kama mtu asiyeamini. Kisha akanitazama.

"Ulimfungia nani ndani? Mwanao au mwizi?"

Nikamweleza habari ya jicho na ya mtoto wangu aliyekufa, nikilia. Hakuniambia pole. Alisikiliza mpaka mwisho, akatia mkono mfukoni, akatoa kiberiti. Ndani yake hamkuwa na njiti, mlikuwa na masizi ya chungu. Akachovya kidole, akampaka Kadzo alama nyeusi kwenye paji la uso, kama wafanyavyo bibi zetu ili jicho liteleze. Mimi nilibaki mdomo wazi, maana Dresa alikuwa mtu wa kanisa, na Jumapili iliyotangulia nilimsikia kwa masikio yangu akikemea mambo hayo hayo.

"Kwani nawe waamini, Dresa?" nikamuuliza.

"Hii si dawa ya mtoto. Ni yako wewe. Sasa una sababu gani ya kumficha? Kesho asubuhi mkeka nje, mtoto uchi, mpaka kivuli chake kifupike. Na keshokutwa. Na kila siku atakayotuamsha Mungu."

Ndivyo alivyokuwa. Alikemea ushirikina na masizi yamo mfukoni. Alituamuru tutwange dagaa wakavu na mifupa yao yote, tutie katika uji wa watoto, kwani mfupa hujengwa kwa mfupa. Lakini yeye samaki hali, harufu yake tu ilimgeuza tumbo. Ilipokuwapo dawa ya unga mweupe ya chokaa alitupimia kwa kijiko, ilipokosekana alirudi kwa dagaa, na kila akiwataja hao dagaa alikunja pua.

Na aliimba. Hili nisipolisema nitakuwa sijamsema. Katika kanisa letu dogo alikuwa ndiye sauti nene, ile inayotoka chini na kuwabeba wengine. Mtu mwembamba, amevaa suruali fupi ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na sauti ile! Alisimama mstari wa nyuma, amefumba macho, mwavuli ameukumbatia. Ukali wake wote wa Ijumaa ulikuwa umekwenda. Mume wangu alisema Dresa hufanya kazi siku sita ili apate kuimba ya saba. Nadhani ni kweli, na kwa hiyo yanayofuata ni mazito kwangu kuyasimulia.

Dawa kubwa ya matege ilikuwa mafuta ya maini ya samaki, yaliyokuja kwa meli katika chupa. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Lakini ilikuwa miaka ya vita, meli zilibeba mambo mengine, na chupa zikakatika. Sisi wa zamu ya mwisho tulizikosa kabisa. Kadzo hakuonja hata tone la mafuta ya chupa. Dresa alitutazama Ijumaa mbili, watoto wamejipanga mkekani na mistari yao ukutani, akasema, "Ngojeni." Jumamosi ile alikwenda kwa miguu mpaka mjini, akavuka kivuko kwenda Likoni, akarudi na debe la maini ya papa. Yule mtu asiyevumilia harufu ya dagaa! Wavuvi walimwona akitapika kando ya njia, akajifuta mdomo, akainua debe na kuendelea.

Aliyapika mwenyewe nyuma ya nyumba yake jioni ile ile. Aliyakata vipande, akatia maji kidogo, akawasha kuni moto mkubwa, mafuta yakapanda juu. Akayaengua, akayachuja kwa kitambaa mara tatu, akajifunga leso puani. Ilipoingia giza kazi ilikwisha, na asubuhi alikuwa kanisani akiimba, ijapokuwa watu wa mstari wake walisogea mbali naye kidogo. Ijumaa kila mmoja wetu alipewa kichupa. "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni," alisema. "Mtoto atatema. Mpe tena." Alipika hivyo Jumamosi nyingine pia, na kichupa kikiisha alitujazia.

Nilikwenda nacho nyumbani. Mama Zuhura alikifungua, akakinusa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hii si dawa! Hii ni sifa. Mafuta ya papa, twayajua. Ndiyo wapakayo vyombo kwa nje, mbao zisiliwe na maji ya chumvi. Mume wangu ana pipa zima."

"Dresa amesema anywe."

"Anywe? Dresa mtu wa bara, sifa ameijulia wapi? Chombo hupakwa, mwanangu, hakinyweshwi. Mchue nayo miguu. Mbao yapinda, sifa yaingia, mbao yanyooka."

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Maneno yale yalikuwa na akili yake. Tangu nijue dunia mafuta ni ya kuchua. Mtoto akizaliwa mkunga humkanda kwa mafuta ya nazi, mguu ukiuma hukandwa, mgongo hukandwa. Na sifa ilinuka vibaya mno, na Kadzo alikuwa ametema kile kijiko cha kwanza akalia kwa namna iliyonikata moyo. Basi nikawa namchua. Asubuhi na jioni, kama alivyosema Dresa, isipokuwa njia ilikuwa nyingine. Hata juani niliogopa kumweka muda mrefu, nikampaka masizi, nikamtoa kidogo, nikamrudisha.

Ijumaa ya kwanza Dresa aliuliza, "Anakunywa?"

"Anakunywa."

Neno lilitoka jepesi hivyo. Niliogopa kuitwa kichwa cha mawe mbele ya wenzangu. Akapima, vidole vinne. Ijumaa ya pili, anakunywa, vidole vinne. Ya tatu, ya nne, ya tano. Watoto wengine walikuwa wameanza karibuni, na mfupa, kama alivyosema mwenyewe, hauna haraka, kwa hiyo na wao hawakuwa wamesogea sana. Lakini Kadzo ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote, na ndiye Dresa aliyemtumainia amwonyeshe kama mafuta yana kazi. Nilimwona akibadilika. Aliacha kututukana. Alipitisha vidole, akavitoa, akavitazama vile vidole vyenyewe, akavipangusa kwenye suruali.

"Anakunywa kweli, Mama Kadzo?"

"Kweli, Dresa."

Hakuniuliza tena. Ijumaa ya sita tulipofika tulimkuta nje, chini ya mwavuli, ameshika debe lililojaa mafuta mapya. Alituambia kwa sauti ya chini kwamba kosa ni lake. Moto wake ulikuwa mkali, umeua nguvu ya mafuta, na amewanywesha watoto wetu uchafu kwa majuma yote yale. Tumsamehe. Tungoje chupa za meli, zitakapokuja. Kisha akaliinamisha debe shimoni. Mafuta yalitoka polepole, manjano, mazuri. Mama aliyekuwa kando yangu alisema mwanawe ameanza kuacha kutoka jasho usiku, lakini alilisema kwa hofu, na Dresa akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema ili debe lile lisimame. Nililiweka ulimini, nikalimeza. Nilisimama pale nikatazama mpaka tone la mwisho.

Nyumbani nilikuwa na nusu ya kichupa kilichobaki. Sikulala. Asubuhi nilimshika Kadzo pua, nikampa kijiko. Alitema, nikampa kingine. Nikatandika mkeka nje, nikamwacha uchi mpaka kivuli chake kikafupika, na kila aliyetaka kumtazama amtazame. Jioni kijiko. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Kichupa kilidumu majuma matatu, na katika majuma yale matatu watoto wa wenzangu hawakupata hata tone. Kabla hakijaisha, mto wa Kadzo ulikuwa mkavu. Siku moja nilikuwa nikichambua mchele, nikasikia kishindo kidogo, nikageuka. Alikuwa amesimama, ameshika ukuta, ananicheka.

Nilikimbia naye mpaka zahanati nikiwa na unga wa mchele mikononi. Haikuwa Ijumaa. Dresa alipima, akatulia, akapima tena.

"Vitatu," akasema. "Umempa nini?"

Hapo ndipo Mungu aliponipa nafasi ya pili, nami nikaitumia hivi. "Ile sifa yako, Dresa. Kile kichupa cha mwisho."

Nilisema kweli, na ndani ya kweli ile nilijificha. Yeye aliduwaa. Akaanza kuhesabu kwa sauti. Kichupa cha mwisho, juma lile, ndiyo, kuni zilikuwa mbichi siku ile, moto haukuwaka vizuri, ulikuwa mdogo. Moto ulikuwa mdogo! Alinishika mikono yote miwili, kitu ambacho hakufanya na mwanamke yeyote. "Mama Kadzo, ni moto! Nilijua ni moto. Unataka kubembelezwa, usipigwe." Machozi yalikuwa yamemlenga. Nami nikasema, "Ndiyo, Dresa," nikatoka.

Tangu hapo hakupika tena Jumamosi jioni. Moto wa kubembeleza ulitaka siku nzima, na siku nzima aliyokuwa nayo ni Jumapili tu. Jumapili alfajiri aliwasha makaa machache, akaliweka debe ndani ya sufuria kubwa yenye maji, akakaa kwenye kigoda chini ya mwavuli wake. Akigusa maji kwa kidole na kuyaona moto, alitoa kaa moja. Yakipoa, alirudisha moja. Ilipita saa sita, ikapita saa tisa, bado amekaa. Kanisani mstari wa nyuma ulibaki na pengo, na nyimbo zikawa nyepesi, hazina chini. Mchungaji alimwendea kumuuliza kama ameiacha imani kwa ajili ya papa. Wengine walimcheka waziwazi. Yeye aliwajibu kwamba watoto wa Changamwe hawanyooki kwa nyimbo. Lakini niliwahi kupita njia ya nyuma ya nyumba yake wakati wa ibada, nikamsikia akiimba peke yake, sehemu yake tu ile ya chini, bila wimbo wenyewe juu yake. Niligeuka nikarudi nilikotoka.

Alikaa na moto ule zaidi ya miaka miwili. Watoto walinyooka. Tulikuwa tukimpelekea makaa, na vifuu, na mihogo, na yeye alimwambia kila mgeni siri yake ya moto mdogo, akinitaja mimi kuwa shahidi. "Muulizeni Mama Kadzo." Nami nilikuwa nikiulizwa na nikijibu. Kadzo alikwenda vidole viwili, halafu kimoja, halafu tukaacha kwenda, kwa sababu mtoto anayekimbia na kuvunja vyungu vya watu hahitaji kupimwa. Mama Zuhura alisema, "Umeona? Sifa yanyoosha mbao," na hata yeye sikumwambia.

Vita vilipokwisha chupa zilirudi, na baada ya muda Dresa naye akaondoka. Hatukumuaga vizuri. Tulisikia tu kwamba amepumzishwa kazi na yuko Kisauni kwa dada yake. Zahanati ikapata mtu mwingine, kijana mstaarabu, hatukani mtu. Akaupaka ukuta chokaa, mistari yote ikazama. Sikudhani ningeona uchungu kwa ajili ya ukuta, lakini nilirudi nyumbani na sikupika. Nilianza kumkosa vibaya. Nikiona mtu na mwavuli mweusi mbele yangu naharakisha hatua, nikimfikia ni mwingine. Ijumaa zilikuwa tupu. Na chini ya kumkosa kulikuwa na lile neno nililolimeza, ambalo halikushuka.

Miaka ya arobaini ilikuwa inaisha nilipomchukua Kadzo, ana miaka minane, tukavuka daraja la Nyali kwenda Kisauni. Nilimvalisha gauni lake la kanisani. Tuliuliza njia, tukaelekezwa nyumba ya makuti yenye mwavuli mlangoni, umetundikwa kwenye msumari. Alikuwa amekaa kibarazani, kivulini. Amekonda, na macho yake yameingia ukungu. Sisemi ni moshi wa yale makaa, hayo sijui. Lakini niliyafikiria.

"Hodi."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, Dresa. Ni Mama Kadzo, wa Changamwe."

"Vidole vinne!" akasema papo hapo. "Marahaba, mama. Vilibaki vingapi?"

"Nimekuletea upime mwenyewe."

Kadzo alisimama mbele yake, visigino pamoja, kama nilivyomfundisha njiani. Dresa akamwinamia, "Shikamoo, bibi," na mtoto akashtuka, akanitazama. Akanyoosha ule mkono mkubwa, akajaribu kidole cha shahada katikati ya magoti. Hakikupita. Akajaribu cha mwisho. Hakikupita. Akajaribu tena, akabaki ameshika magoti yale, uso umemfunguka kama nilivyokuwa nikimwona kanisani.

"Moto mdogo," akasema. "Walinicheka, Mama Kadzo. Mchungaji, wavuvi, wote. Moto mdogo."

Ningeweza kusema ndiyo, kama siku zote. Nilimwambia Kadzo akamsaidie dada mtu kuchota maji, naye akaenda mpaka kisimani, hatua chache tu.

"Dresa, haukuwa moto."

Akageuza sikio.

"Nilikuwa namchua. Zile Ijumaa zote nilipokwambia anakunywa, nilikuwa namchua miguu. Hakunywa hata kijiko kimoja cha kushuka. Ulipomwaga ndipo nikaanza kumnywesha, kwa siri. Kichupa kilikuwa cha moto ule ule mkubwa."

Nyuma ya nyumba ndoo iligonga kisima. Kidole gumba cha Dresa kilipapasa vidole vingine, kimoja kimoja.

"Sifa ya kwanza," akasema, "ile niliyoipika Jumamosi."

"Ndiyo."

"Ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, Dresa."

"Nami nikamwaga debe zima."

"Ulimwaga. Nilikuwapo."

"Ulikuwapo," akasema. Halafu akarudia, polepole, kama anayeonja kitu, "Ilikuwa nzima. Basi nilijua kupika tangu siku ya kwanza." Nilidhani yamekwisha hapo, nikashusha pumzi. Lakini akainua uso.

"Haya, mafuta tumeyamaliza. Na Jumapili zangu, mama?"

Nililia mbele ya mtu yule kuliko nilivyomlilia mtoto wangu wa kwanza, na hakuninyamazisha. Kadzo alirudi na kata ya maji mkononi, akaogopa.

"Mama, walia nini?"

Dresa ndiye aliyejibu. "Ni moshi, bibi. Mama yako ameingiwa na moshi." Na pale kibarazani hapakuwa na jiko wala moto.

Tulipoaga nilitegemea abaki amekaa. Alisema ngojeni, niwasindikize. Akaegemea bega la Kadzo, tukashuka kibaraza, tukafika njiani. Hapo akamwambia Kadzo atangulie mbio mpaka barabara kubwa, naye akasimama, ameinamisha kichwa, akisikiliza miguu ile ikipiga mchanga mpaka ikawa mbali. Ilikuwa saa sita, jua la utosi. Mwavuli ulikuwa umebaki mlangoni kwenye msumari wake. Niliuona, nikamwacha anywe dawa yake.